Keria, Taruma na Gadi: Istilahi za Kubebea Kayaki Juu ya Gari

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mfasiri siku hizi ni kufasiri vijitabu vya maelekezo vinavyoambatana na vyombo vya kisasa. Kazi hii haina sifa kama ile ya kufasiri riwaya au tamthilia, lakini madhara ya kukosea ndani yake yaweza kuwa makubwa zaidi. Mhusika wa riwaya akipewa jina lisilomfaa, msomaji hunung'unika; kifaa cha kushikilia mzigo kikipewa jina lisilofaa, mzigo huanguka barabarani.

Madhumuni ya makala haya ni kuzichunguza istilahi zinazohitajika katika kueleza namna ya kuchagua keria ya gari iliyo imara kwa ajili ya kubebea kayaki. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Hata hivyo, ndani yake mna maswali yote ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likiyashughulikia tangu lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967: lini tukope neno, lini tulifufue neno letu wenyewe, na lini tuache kutafuta neno moja tueleze kwa maneno ya kawaida.

Mfano tutakaoutumia ni wa barabara moja. Mji wa Tukuyu, ambao Bulyaga ni kata yake mojawapo, uko kwenye barabara kuu itokayo Uyole, Mbeya, kwenda Kyela na mpaka wa Malawi kule Kasumulu. Mji huo uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko kwenye takribani mita 475. Kwa hiyo gari linalotoka Bulyaga na kayaki juu yake, kuelekea ufuko wa Matema, hushuka karibu mita 1,000 kabla ya kufika majini. Tena Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Mahali pengi wilayani humo mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Mteremko, kona, matuta na mvua: hayo manne ndiyo mahakimu wa keria, na maelekezo yatakayoandikwa kwa Kiswahili hayana budi kuwa na maneno ya kuyakabili yote.

2. Kayaki si mtumbwi

Swali la kwanza ni jina la chombo chenyewe. Mfasiri mwenye haraka ataandika "mtumbwi", na kwa mtazamo wa juu juu ataonekana kuwa amefanya vyema, maana neno ni letu na linafahamika kila mahali. Lugha jirani nazo zina neno la kale la chombo cha namna hiyo, lenye shina -ato: Wanyakyusa husema ubwato, ng'ambo ya Songwe husema bwato, na shina hilo hilo hupatikana hadi Buhaya na Buganda.

Lakini tuangalie maana. Mtumbwi wa Ziwa Nyasa huchongwa katika gogo zima la mti. Ni mzito, uko wazi juu, na kuuburura kutoka mchangani hadi majini ni kazi ya watu kadhaa. Kayaki ni chombo kilichobuniwa na Wainuit wa Greenland na pande za kaskazini za Amerika. Hapo awali ilikuwa na mifupa ya mti au ya mnyama, ikavikwa ngozi ya sili. Siku hizi hutengenezwa kwa plastiki au kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Kayaki ya asili hiyo ina sitaha iliyoiziba juu, ikaacha tundu la kukalia tu. Mwendeshaji hutumia kafi yenye bapa mbili, moja kila upande. Kayaki ya mtu mmoja aghalabu huwa na urefu wa mita 3 hadi 5 na uzito wa kilo 20 hadi 30.

Basi mkazi wa Matema akisoma kwamba "mtumbwi waweza kubebwa juu ya gari dogo kwa mikanda miwili", ama atacheka, ama, na hapa ndipo penye hatari, atajaribu. Paa lililotengenezwa kubeba makumi machache ya kilo litapewa gogo la mamia. Kwa sababu hiyo twapendekeza neno "kayaki" likopwe lilivyo, katika ngeli ya i-zi, na mara ya kwanza linapotumika liandamane na maelezo mafupi: "chombo chembamba, chepesi, chenye sitaha, kiendeshwacho kwa kafi ya bapa mbili". Neno "mtumbwi" libaki kwa mtumbwi.

3. Keria ibaki keria

Swali la pili ni jina la kifaa kinachowekwa juu ya gari. Hapa wako wanaoona kwamba neno "keria", kwa kuwa limetoka katika Kiingereza, halina budi kuondolewa. Nao hawakosi maneno ya kupendekeza. Mmoja ataleta "kichanja", yaani jukwaa la kuanikia vyombo au samaki. Mwingine "susu", wavu wa kuning'inizia vyungu. Mwingine "shogi", yaani mifuko miwili iwekwayo juu ya mgongo wa punda.

Maneno hayo ni mazuri, lakini kila moja lina kazi yake tayari. Kichanja kimesimama ardhini, na hakikusudiwi kukimbia kilomita 80 kwa saa. Susu huning'inia. Shogi hulala ubavuni mwa mnyama. Neno "keria", kwa upande wake, limekwisha kujifanyia kazi. Mtoto wa shule hulijua kwa baiskeli ya baba yake. Utingo hulijua kwa magunia ya viazi na mikungu ya ndizi anayoyapandisha juu ya gari. Fundi wa kuchomelea vyuma hupokea oda kwa jina hilo. Neno ambalo wasemaji wamekwisha kulipokea na kulipa maana isiyo na utata haliondolewi kwa sababu ya asili yake tu. Twasema, basi: keria ibaki keria, iwe jina la kifaa kizima.

Tatizo la Kiswahili katika jambo hili haliko kwenye jina la kifaa kizima. Liko kwenye majina ya sehemu zake. Mtu akisema "keria imeng'oka", hatujui kama kilichoachia ni kishikio cha paa, au chuma cha kukatiza, au mkanda wa mzigo. Kila kimoja kina sababu yake na dawa yake. Pasipo majina ya sehemu, hakuna anayeweza kumfundisha mwenzake achague nini.

4. Viungo vitatu

Uimara wa mzigo ulio juu ya gari hutegemea viungo vitatu: kiungo cha keria na paa, kiungo cha kayaki na keria, na kiungo cha ncha za kayaki na mwili wa gari. Kiungo dhaifu kimoja huharibu kazi ya viwili vilivyobaki. Tuvieleze kimoja kimoja pamoja na istilahi zake.

(a) Keria na paa

Keria ya kubebea kayaki kwa kawaida huwa na vyuma viwili vinavyolikatiza paa kutoka upande hadi upande. Kwa vyuma hivyo twapendekeza neno "taruma", wingi "mataruma". Kwa mafundi wa majahazi, mataruma ni mbao za ndani zinazokikatiza chombo na kuzishikilia mbao za ubavuni. Na wajenzi wa reli walilichukua neno hilo hilo wakaliita kila gogo au chuma kinacholala chini ya reli na kuzishikilia pamoja. Maana ya msingi ni moja: kitu kinachokatiza, kinachobeba, na kinachoshikamanisha. Chuma cha keria kinafanya yote matatu.

Taruma husimama juu ya "miguu", na kila mguu hushikwa na paa kwa "kibano". Hapa mnunuzi hana budi kulitazama gari lake kabla ya kuitazama keria. Magari ya zamani, mathalani Land Rover nyingi, yana ukingo uliokunjwa kando ya paa wa kupitishia maji ya mvua. Kwa ukingo huo neno lipo, nalo ni "mchirizi", lile lile litumikalo kwa maji yatokayo kwenye paa la nyumba. Kibano cha kushika mchirizi ni imara, mradi mchirizi wenyewe haujaliwa na kutu. Magari mengine yana "reli za paa", yaani vyuma viwili vinavyokwenda kwa urefu wa gari. Kibano hapo huzunguka reli. Mengine hayana mchirizi wala reli, na kibano hulazimika kung'ata fremu ya paa juu ya mlango. Kibano cha namna hii ya tatu hutengenezwa kwa umbo la aina fulani ya gari, na hakifai kuazimwa kutoka gari jingine hata kikionekana kuingia.

Umbali baina ya mataruma mawili nao una maana kubwa. Kadiri yanavyoachana, ndivyo kayaki inavyotulia, kwa kuwa sehemu ndogo zaidi ya urefu wake hubaki ikielea hewani mbele na nyuma. Mataruma yaliyokaribiana huifanya kayaki kuwa kama ubao wa pembea.

(b) Kayaki na keria

Kayaki haina tumbo bapa, kwa hiyo haitulii juu ya chuma kitupu. Inahitaji vishikizi viwili vilivyofuata umbo lake, kimoja juu ya kila taruma. Kwa vishikizi hivi neno lipo tayari pwani: "gadi". Gadi ni miti inayoegemezwa ubavuni mwa chombo kilicho nchi kavu ili kisilale upande. Kayaki iliyo juu ya gari ni chombo kilicho nchi kavu, na kazi ya kishikizi ni kukizuia kisilale. Ziko gadi zinazoibeba kayaki kwa tumbo, na ziko gadi zilizopinda kama ndoana ambazo huibeba kwa ubavu. Za ubavu huacha nafasi ya kayaki ya pili, lakini huikweza juu zaidi, hivyo upepo wa ubavuni huishika kwa nguvu zaidi.

Juu ya kila gadi hupita "mkanda" unaoizunguka kayaki na taruma na kukazwa kwa "bizimu". Mkanda sharti upite chini ya taruma lenyewe, usiishie kwenye gadi, ili gadi ikivunjika kayaki ibaki imeshikwa. Iko mikanda ya kukazia kwa gurudumu la meno. Hiyo ina nguvu nyingi mno kwa kazi hii. Mkazaji asiye na kiasi huweza kulibonyeza tumbo la plastiki au kulipasua la nyuzi za kioo.

Kuhusu kamba, mfasiri awe macho. Katika maduka yetu "kamba ya manila" aghalabu ni kamba ya plastiki, ilhali kitabu cha kigeni kinaposema manila hukusudia kamba ya nyuzi za mmea. Tabia zao ni tofauti. Kamba ya mmea ikilowa hujikaza, na ikikauka hulegea. Nailoni ikilowa hurefuka. Katika nchi ya mvua kama Rungwe tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Mkanda wa poliesta hubadilika kidogo zaidi, na kwa hiyo ndio unaofaa. Ama ule mpira wa tyubu unaofungia mizigo kwenye baiskeli, huo usitegemewe kabisa kwa kayaki: kazi yake ni kuvutika, nasi twataka kitu kisichovutika.

(c) Ncha za kayaki na mwili wa gari

Kiungo cha tatu ndicho kinachosahauliwa mara nyingi, na huenda kinasahauliwa kwa sababu hakina jina. Kayaki ya mita 4 au 5 huzidi paa mbele na nyuma. Nguvu ya upepo unaoipiga haiongezeki sawasawa na mwendo: gari likitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, nguvu hiyo huwa takribani mara nne. Upepo huiinua ncha ya mbele. Breki ya ghafla kwenye mteremko huisukuma kayaki nzima iende mbele. Lori linapopishana na gari huipiga ubavuni. Mikanda miwili ya katikati haiwezi peke yake kuyazuia hayo yote.

Dawa ni kamba mbili, moja kutoka ncha ya mbele na nyingine kutoka ncha ya nyuma, zinazoshuka hadi kwenye gari. Twapendekeza ziitwe "kamba ya omo" na "kamba ya tezi". Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni ya nyuma. Asije mtu akasema kwamba haya ni maneno ya pwani yasiyojulikana milimani. Methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani hufundishwa shuleni Bulyaga kama inavyofundishwa Bagamoyo. Na ikiwa mfasiri wa vitabu vya tiba atashtuka kuiona tezi juu ya gari, muktadha utamtuliza.

Kamba hizo zifungwe kwenye chuma cha mwili wa gari, kama vile pete ya kuvutia gari, wala si kwenye bampa la plastiki. Ya omo huizuia ncha isiinuke. Ya tezi huizuia kayaki isiteleze mbele gari linapopunguza mwendo. Kwa anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, hii ya pili ndiyo mlinzi wake wa karibu zaidi.

5. Kikomo cha uzito

Katika vijitabu vya maelekezo, hakuna sentensi inayofasiriwa vibaya kwa urahisi kama ile ya uzito. Tuchukue mfano wa gari ambalo mtengenezaji wake ameruhusu kilo 75 juu ya paa. Mfasiri huandika: "Paa lisibebe zaidi ya kilo 75." Sentensi ni fupi na sanifu, lakini imeacha maswali mawili bila majibu.

Swali la kwanza: je, keria yenyewe imo katika hesabu? Kwa kawaida imo. Tuseme mataruma na miguu yake ni kilo 12, gadi ni kilo 6, na kayaki ni mbili za kilo 27 kila moja. Jumla ni kilo 72, zimebaki 3. Mvua ikinyesha njiani na kayaki moja ikakusanya lita 20 za maji katika tundu lake lisilofunikwa, zimeongezeka kilo 20, na kikomo kimepitwa kwa kilo 17 bila mtu yeyote kupakia chochote. Ndiyo sababu tundu hufunikwa, au kayaki hulazwa kifudifudi.

Swali la pili: gari likiwa katika hali gani? Gari likisimama, paa lake laweza kubeba uzito mkubwa zaidi sana kuliko linapokwenda, maana mwendo huongeza mitikiso, kona na breki. Watengenezaji wengine hutoa tarakimu zote mbili. Mfasiri akiandika "uzito unaoruhusiwa" kwa zote mbili, msomaji atachagua ile kubwa. Twapendekeza "kikomo cha uzito mwendoni" na "kikomo cha uzito kituoni". Ikumbukwe pia kwamba paa lina kikomo chake, keria ina chake, na gadi ina chake. Kinachofuatwa ni kilicho kidogo kuliko vyote.

Basi sentensi yetu iandikwe hivi: "Gari linapokwenda, jumla ya uzito wa keria, gadi na mzigo isizidi kilo 75." Ni ndefu kuliko ya kwanza, nayo ndiyo tafsiri.

6. Kitenzi "kufunga"

Lipo jambo moja la mwisho ambalo halihusu nomino bali kitenzi. Kiswahili kina kitenzi "kufunga" chenye maana nyingi: kufunga mzigo kwa kamba, kufunga mlango, kufunga kwa kufuli. Utajiri huo ni hatari katika maelekezo. Kitabu kikisema "hakikisha keria imefungwa vizuri", mwenye gari huona kufuli iko mahali pake akaridhika. Lakini kufuli humzuia mwizi, haiuzuii upepo. Kifaa kilichofungwa kwa kufuli chaweza kuwa na nati zilizolegea zote nne.

Kadhalika sifa "salama" hutumiwa mahali ambapo maana iliyokusudiwa ni "imara". Keria imara ni ile isiyotikisika. Keria salama ni ile isiyodhuru. Keria yenye kufuli ni ile isiyoibika. Mfasiri achague moja kwa kadiri ya maana, na kitenzi akitenge hivi: nati "hukazwa", mkanda "hufungwa", kufuli "hutiwa". Mfano:

"Kaza nati zote za miguu kwa spana. Shika taruma kwa mikono miwili ulitikise: gari lote likitikisika nalo, limekaza, taruma likitikisika peke yake, halijakaza. Ilaze kayaki juu ya gadi, kisha funga mikanda miwili. Funga kamba ya omo na kamba ya tezi. Mwisho tia kufuli, ukipenda. Baada ya kilomita chache simama ukague tena."

7. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Bizimu: kifaa cha chuma kinachokaza na kushika mkanda.
Gadi: kishikizi cha juu ya taruma kilichofuata umbo la kayaki.
Kamba ya omo: kamba itokayo ncha ya mbele ya kayaki hadi kwenye mwili wa gari.
Kamba ya tezi: kamba itokayo ncha ya nyuma ya kayaki hadi kwenye mwili wa gari.
Kayaki: chombo chembamba, chepesi, chenye sitaha, kiendeshwacho kwa kafi ya bapa mbili.
Keria: kifaa kizima kinachowekwa juu ya paa la gari kwa ajili ya mizigo.
Kibano: sehemu ya mguu inayoshika mchirizi, reli au fremu ya paa.
Kikomo cha uzito kituoni: uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa gari likiwa limesimama.
Kikomo cha uzito mwendoni: uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa gari linapokwenda.
Mchirizi: ukingo wa paa uliokunjwa, wa kupitishia maji.
Mguu: sehemu inayolisimamisha taruma juu ya paa.
Reli ya paa: chuma kinachokwenda kwa urefu wa paa, kila upande.
Taruma: chuma cha keria kinachokatiza paa kutoka upande hadi upande.

8. Hitimisho

Katika istilahi tulizozipitia, mbili tu ndizo zilizohitaji kuchukuliwa nje moja kwa moja kwa ajili ya kazi hii: keria, ambayo wananchi walikwisha kuikopa wenyewe, na kayaki, ambayo haikuwa na mwenzake. Taruma, gadi, omo na tezi zilikuwa zikingoja katika karakana za majahazi. Mchirizi ulikuwa ukingoja kwenye paa za nyumba. Mwalimu wa ufundi, mfasiri na mtumishi wa serikali anayeandaa kanuni za usafirishaji wanaweza kuzitumia tangu leo, nao wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa kutoka kwa mafundi na matingo wa barabara hiyo ya Tukuyu, wanaombwa wayalete yapimwe. Istilahi ya kifaa hupimwa na mtu atakayekishika kwa mkono: akisoma akajua ni nati ipi ya kukaza, istilahi imefaulu.